Spea za ndege ndogo kwa bei inayobebeka: mwongozo kwa mwenye ndege wa Dar es Salaam

Ndege ikilala kwa kukosa spea, simu ya kwanza huwa ya kuulizia bei. Hapo ndipo hela nyingi hupotea. Muuzaji wa vipuri vya ndege hashushi bei kwa kubembelezwa kama wa Kariakoo. Bei hushuka pale mnunuzi anapojua namba halisi ya kipuri, namba nyingine zinazokubalika badala yake, na karatasi zinazotakiwa kuja nacho. Mwongozo huu ni wa mwenye ndege, chuo cha marubani au kampuni ndogo ya kukodisha yenye Cessna 172, 182, 206, 210 au Piper za injini ya pistoni pale uwanja wa Julius Nyerere. Mwenye Caravan naye ataokota mawili matatu, ingawa injini yake ya tabini, PT6A, ina soko lake na mikataba yake.

Jambo moja lieleweke mapema. Hakuna spea inayofungwa kwenye ndege ya usajili wa Tanzania, yaani 5H, kwa sababu tu imeingia na kukaa vizuri. Anayesaini ni fundi mwenye leseni, ndani ya karakana iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Akigoma kusaini, ulichonunua ni chuma chakavu cha bei mbaya. Fundi aone namba na karatasi kabla hujalipa, asije akaitwa boksi likiwa limeshafunguliwa.

Hatua ya 1: Pata namba, kisha itilie shaka

Chukua daftari uende kwenye ndege yenyewe. Andika modeli, mwaka na namba ya mfululizo kutoka kwenye kibao cha kiwandani. Fanya hivyo pia kwa injini, propela, magneto (kizalisha cheche cha plagi), magurudumu na kipuri chenyewe kilichoharibika. Usajili wa 5H hausaidii kitu hapa, kwa sababu muuzaji wa Kansas hajui 5H yako ilitoka kiwandani mwaka gani.

Kwa nini usumbuke hivyo? Angalia Cessna 172N. Ya mwaka 1977 ina umeme wa volti 14, ya mwaka 1978 ina volti 28. Jina moja, umbo moja, lakini betri, stata, relei, altaneta na taa zote ni tofauti. Taa ya kutua yenye namba 4509 ni ya volti 13 na wati 100. Ifunge kwenye mfumo wa volti 28 na itaungua mara tu ukiwasha swichi. Magurudumu nayo ni hivyohivyo. Cessna 172 mbili zilizoegeshwa bega kwa bega zinaweza kuwa moja na magurudumu ya Cleveland, nyingine ya McCauley, na pedi za breki haziingiliani. Soma kibao kilichopo kwenye gurudumu, usiamini kumbukumbu za mtu.

Ukishapata hayo, fungua katalogi ya vipuri yenye michoro, ile ya modeli yako na miaka yake. Kila mstari una safu inayoonyesha kipuri kinafaa kuanzia namba gani ya mfululizo hadi ipi. Watu huiruka safu hiyo kwa sababu maandishi yake ni madogo, kisha hushangaa kipuri kimekuja na tundu moja pungufu. Baada ya hapo uliza kama namba imebadilishwa. Namba za miaka ya 1970 nyingi zimeshapewa warithi, na ukitafuta ya zamani utaambiwa haipo, au utauziwa la mwisho lililobaki kwa bei ya dhahabu wakati mrithi wake amejaa rafuni.

Sasa tufike kwenye kiini cha unafuu wenyewe. Kipuri kimoja kinaweza kuwa na namba tatu: ya kiwanda cha ndege, ya kiwanda kilichokitengeneza kwa niaba ya kiwanda cha ndege, na ya kiwanda cha tatu chenye kibali cha Marekani cha kutengeneza mbadala, kinachojulikana kwa kifupi kama PMA. Viwanda vya ndege havitengenezi pedi za breki, plagi, pampu za vakyumu (za kunyonya hewa inayoendesha baadhi ya vyombo vya rubani) wala filta. Wanavinunua, wanavipa namba yao, na bei inapanda njiani. Ukitafuta kwa namba ya ndege unailipia safari hiyo yote. Mifano ya kila siku:

– Pedi za breki za Cleveland 066-10500: mbadala wa Rapco ni RA066-10500. Rapco huweka tu RA mbele ya namba ileile, kwa hiyo kuzitafuta ni rahisi.
– Plagi za Champion REM40E: mbadala wa Tempest ni UREM40E. Injini ya silinda 4 inachukua plagi 8, ya silinda 6 inachukua 12.
– Pampu ya vakyumu 215CC iliyokuwa ya Airborne: sasa zipo RA215CC ya Rapco na AA215CC ya Tempest.
– Filta mbili za mfumo huohuo wa vakyumu, D9-18-1 na B3-5-1, nazo zina mbadala zenye herufi za mtengenezaji zimetangulia.

Kwenye pampu, zitazame sana herufi za mwisho. CC huzunguka kinyume cha saa, CW huzunguka kwa mwelekeo wa saa. Ndani yake kuna vipande vya kaboni vilivyoinamia upande mmoja, na pampu ikizungushwa kinyume na ilivyoundwa huvunjika mapema. Dhamana haitakusaidia, maana kosa ni la mnunuzi.

Hatua ya 2: Bolti na oringi, mahali pa kishawishi

Kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani kuna bolti za kila namna, na nyingine ni ngumu kuliko za ndege. Bolti ya chuma ya AN, yaani ya kiwango cha ndege, imetengenezwa kuhimili mvuto wa kuanzia psi (pauni kwa inchi ya mraba) 125,000. Bolti ya gari ya daraja la 8 inafika 150,000. Kwa hiyo mtu husema, hii si ndiyo bora zaidi? Tatizo liko kwenye shingo. Bolti ya ndege ina sehemu laini isiyo na nyuzi yenye urefu wa unene wa vitu inavyoshika, na nyuzi huanzia nje ya tundu. Bolti ya gari ina nyuzi ndefu. Zikiingia ndani ya tundu zinalikereza kama tupa kila ndege inapotetemeka, na baada ya miezi tundu limekuwa yai. Kubadilisha bolti ni dola chache, kubadilisha fitingi iliyotanuka ni habari nyingine kabisa.

Bolti halisi zinasomeka kichwani: alama ya msalaba au nyota ni chuma cha kawaida cha ndege, mstari mmoja ni chuma kisichoshika kutu, mistari miwili ni aluminiamu. Namba nazo ukizielewa hutadanganyika. AN4-10A: 4 ni robo inchi ya unene (AN3 ni 3/16), 10 ni inchi moja ya urefu, A ni kwamba haina tundu la pini. Urefu unahesabiwa inchi na sehemu za nane, kwa hiyo baada ya 7 inakuja 10. Mtu akikuuzia AN4-8A au AN4-9A, jua hajui anachouza.

Bahati nzuri vitu hivi ndivyo rahisi kuliko vyote. Nunua kwa mkupuo: bolti, nati, washa za AN960 (siku hizi NAS1149), pini za MS24665. Bei ya kimoja ni senti, nauli ndiyo ghali. Karatasi yake ni hati ya mtengenezaji au msambazaji ya kuthibitisha kwamba bidhaa inalingana na kiwango, yenye namba ya bechi.

Oringi, ile mipira ya duara ya kuzuia uvujaji, ni nyeusi zote, na hapo ndipo balaa linapoanzia. MS28775 ni ya mafuta ya hidroliki, MS29513 ni ya petroli. Breki za ndege hizi hutumia mafuta mekundu ya madini, MIL-H-5606, na siili zake ni za mpira wa nitrili. Siili za breki za gari ni za mpira mwingine, uliotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya DOT. Ukiziweka kwenye mafuta mekundu zinavimba, pistoni inakwama, breki inaburuta. Ukifanya kinyume chake, yaani ukamimina DOT kwenye breki ya ndege, siili za nitrili ndizo zinazooza. Oringi ya duka la spea za gari ni ya gari hata kama kipimo kimelingana hadi nukta ya mwisho.

Hatua ya 3: Chagua hali ya kipuri kwa akili

Kwenye matangazo utakuta vifupisho. NE ni kipya. NS ni kipya kilichokaa ghalani, hakijafungwa kokote. OH kimefunguliwa na kufanyiwa ukarabati kamili. SV kimekaguliwa na kinafaa kufungwa. AR kimefunguliwa kutoka kwenye ndege na kuwekwa hivyohivyo.

AR ndiyo bei inayong'aa na ndiyo inayouma. Kwa Dar es Salaam ina maana moja tu: lazima kipite karakana yenye kibali cha kukikagua kabla hakijafungwa, na kwa vifaa vingi karakana hiyo iko nje ya nchi. Jumlisha ukaguzi na nauli mbili, unafuu umeyeyuka. AR ichukuliwe kwa vitu visivyozunguka wala kutumia umeme, kama mlango, kifuniko cha injini au fremu ya kiti, ambavyo fundi wako ana mamlaka ya kuvikagua mwenyewe kwa kitabu.

NS ndiyo hazina ya mwenye subira. Kampuni inafilisika au inauza ndege zake, stoo nzima inauzwa. Kagua tu umri wa vitu vya mpira na siili zilizofungwa ndani. Karbureta mpya iliyokaa boksini miaka 20 ina gasketi zilizokauka.

Vipuri vyenye ukomo wa saa au mizunguko visinunuliwe bila historia yake yote tangu kutoka kiwandani. Kurasa mbili zikikosekana, kihesabu kuwa kimekwisha. Silinda zilizotumika za injini za Continental 520 na 550, zilizojaa kwenye 206 na 210, zinataka umakini wa pekee: agizo la usalama la Marekani AD 2016-16-12 linahusu baadhi ya silinda mbadala zilizotengenezwa na ECi, kwa hiyo tafuta namba ya silinda kwenye agizo hilo kabla ya kuuliza bei. Spea za vifusi vya ajali ziulizie sababu ya ajali, kama kulikuwa na moto, na kama ndege ilizama. Maji ya chumvi hayana msamaha.

Hatua ya 4: Utafute wapi, na kwa mpangilio gani

Anza na hanga za hapahapa. Pale Terminali ya Kwanza na Arusha kuna waendeshaji wenye aina ileile ya ndege, na mara nyingi spea inapatikana kwa kuazimana kipya kwa kipya: unachukua leo, unarudisha boksi lako likifika. Andikishianeni namba na karatasi, hata kama mnafahamiana miaka mingi.

Kisha uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Ndiyo soko la ndege ndogo lililo karibu nasi kuliko yote, lenye karakana nyingi na stoo za Cessna. Bei yake ni juu kidogo ya Marekani, lakini unaokoa nauli na wiki nzima. Afrika Kusini, hasa viwanja vya Wonderboom, Lanseria na Rand, ni kwa ukarabati wa propela, magneto na vyombo. Uingereza kuna wasambazaji kama LAS Aerospace na Adams Aviation. Marekani ndiyo bei ya chini kabisa: Aircraft Spruce kwa kila kitu kidogo, McFarlane kwa nyaya, bawaba na vipuri vya PMA vya Cessna, Univair kwa ndege kongwe, Preferred Airparts kwa vipya vya ghalani, Wentworth na White Industries kwa vya kubomolewa.

Ujumbe wa kwanza uwe na kila kitu, ili usijibiwe kwa swali. Kwa Wilson unaweza kuandika hivi:

"Habari za kazi, mkuu. Naulizia pampu ya vakyumu 215CC, RA215CC au AA215CC, moja, ya PA-28. Napokea mpya au iliyokarabatiwa. Naomba unitajie: hali yake, tarehe ya ukarabati, inakuja na fomu gani, bei ya kununua moja kwa moja na bei ya kubadilishana nikikurudishia mbovu yangu, amana ya ile mbovu ni kiasi gani na nina siku ngapi za kuirudisha. Nitumie pia picha ya kibao na ya fomu. Ahsante."

Asiyetaka kutuma picha ya fomu hana fomu. Endelea na mwingine.

Hatua ya 5: Karatasi kabla ya pesa

Kwa kipuri cha Marekani, fomu ya kuthibitisha kwamba kinafaa kufungwa ni 8130-3 ya FAA, mamlaka ya anga ya huko. Cha Ulaya ni Fomu 1 ya EASA, mamlaka ya anga ya Ulaya, na Uingereza wana Fomu 1 yao. Wauzaji wengi wa reja reja wa Marekani hawaitoi mpaka uiombe, kwa sababu mteja wao wa kawaida ana ndege ya Marekani na mara nyingi haihitaji. Iombe wakati wa kuagiza, hata kama kuna ada yake. Kuifukuzia baada ya kipuri kufika Dar ni mateso, maana mkaguzi hawezi kusainia kitu ambacho hakioni.

Isome hivi. Kisanduku cha 8 ni namba ya kipuri, cha 10 ni namba ya mfululizo: zilingane na kibao herufi kwa herufi, pamoja na vistari. Cha 11 ni hali: kipya, kimekarabatiwa, kimekaguliwa, kimerekebishwa. "Kimekaguliwa" si "kimekarabatiwa", na bei zake hazipaswi kufanana. Cha 12 ni maelezo, na hapo ndipo fundi wako atatumia muda mwingi: kitabu kilichotumika na toleo lake, maagizo ya usalama yaliyotekelezwa, vilivyobadilishwa ndani. Kisanduku cha 12 kitupu kwenye kifaa kilichokarabatiwa ni sababu ya kuuliza. Kwa kilichokarabatiwa, saini iwe upande wa kisanduku cha 14, si cha 13.

Ukiwa na shaka, ipigie simu karakana iliyotajwa kwenye fomu kwa namba uliyoitafuta mwenyewe kwenye orodha ya serikali yao, siyo iliyoandikwa kwenye fomu, uwatajie namba ya kisanduku cha 3. Usione aibu kufanya hivyo. Mwaka 2023 iligundulika kwamba vipuri vya injini za CFM56, injini za ndege kubwa za abiria, vilikuwa vimeuzwa kwa mashirika yenye idara nzima za ukaguzi vikiwa na fomu za kughushi. Yaliwapata wao, sembuse mwenye Cessna moja.

Utasoma mtandaoni Wamarekani wakieleza jinsi mwenye ndege anavyoweza kujitengenezea kipuri mwenyewe. Hiyo ni kanuni yao kwa ndege zao. Usimpeleke fundi wako huko bila kwanza kuiandikia TCAA.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya bei ya kufika

Bei ya kwenye skrini ni mwanzo wa hesabu. Tuchukue pampu ileile, kwa tarakimu za mfano tu. Ya kwanza ni mpya, dola 700, hairudishwi kitu. Ya pili ni ya kubadilishana, dola 480, na amana ya dola 150 mpaka ile mbovu ifike kwao. Nauli na bima ya kuja ni dola 90 kwa zote, kurudisha mbovu ni dola 110.

Mpya: 700 na 90 ni 790, VAT ya asilimia 18 ni 142.20, jumla 932.20.

Ya kubadilishana: ankara inakuja na amana ndani yake, kwa hiyo 480, 150 na 90 ni 720, VAT ni 129.60, jumla 849.60. Ongeza 110 za kurudisha, 959.60. Ukirudishiwa amana unabaki na 809.60, umeokoa dola 122.60. Wakikataa ile mbovu, umelipa dola 27.40 zaidi ya mwenye mpya, na una pampu iliyokarabatiwa. Kwa hiyo kabla ya kuchagua, iangalie mbovu yako: mwili umepasuka? Fundi aliifungua kwa udadisi? Wauzaji wengi hukataa za namna hiyo. Tozo nyingine za forodha na ujira wa wakala zinaongezeka juu ya zote mbili.

Nauli nayo haiangalii mizani peke yake. Kampuni za vifurushi hugawa ujazo wa boksi kwa 5,000, mizigo ya kawaida ya anga hugawa kwa 6,000, kisha wanachukua uzito ulio mkubwa. Kifuniko cha injini chenye kilo 9 kwenye boksi la sentimita 120 kwa 80 kwa 50 kina ujazo wa 480,000. Kwa kifurushi ni kilo 96. Kwa mizigo ya kawaida ni kilo 80. Kitu cha namna hiyo kisafiri kama mzigo wa anga, na nafasi tupu ndani yake uijaze filta, mipira na pedi, maana umeshailipia.

Hatua ya 7: Forodha

Mpe wakala ankara inayosema kitu kwa jina lake, siyo "spea mbalimbali". Vipuri vya ndege viko kwenye kifungu cha ushuru 8807.30, lakini si kila kinachofungwa kwenye ndege kinaingia humo. Matairi ya ndege ni 4011.30, plagi ni 8511.10, bolti ni 7318, vifaa vya msuguano vya breki ni 6813, betri ni 8507. Ankara isiyoeleza inamwacha ofisa akisie, na makisio yake huangukia kwenye gari. Mwombe muuzaji aandike kwenye kila mstari kwamba ni cha ndege, modeli ipi. Misamaha imeorodheshwa katika Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004; mwambie wakala akuonyeshe kipengele anachotegemea na masharti yake kabla mzigo haujaruka, siyo ukiwa ghalani unakula ada ya kila siku.

Kipuri kinachopelekwa nje kwa matengenezo kiandikishwe forodha kinapotoka, pamoja na namba yake ya mfululizo. Kikirudi bila kumbukumbu hiyo kinahesabiwa kama kimenunuliwa upya, na unalipishwa kodi ya kitu kilichokuwa chako tangu mwanzo. Kubeba kwenye begi kutoka Nairobi hakukatazwi, ila kitangaze. Kipuri cha Marekani hakigeuki kuwa cha Afrika Mashariki kwa kulala Wilson.

Betri inataka kufikiriwa peke yake. Ya asidi ya maji ni mzigo hatari, wengi hawaipokei. Ya Concorde aina ya RG imefungwa na haimwagiki, kwa hiyo husafiri kwa masharti mepesi zaidi. Mara nyingi bei yake ya juu inarudi kwenye nauli. Betri za lithiamu za redio ya dharura, mitungi ya oksijeni, rangi na gundi za siili navyo visichanganywe na boksi lingine, la sivyo boksi zima linakwama.

Na pesa: barua pepe ikija kusema akaunti ya benki ya muuzaji imebadilika, simama. Piga simu namba ya zamani.

Hatua ya 8: Boksi likifika

Lipige picha kabla ya kulifungua. Linganisha kibao, fomu na ankara, vyote vitatu. Plagi iliyoanguka njiani haifungwi hata kama inaonekana nzima. Kabla ya kuagiza seti nyingine, pima ukinzani wa plagi za zamani: nyingi zinazolaumiwa bado ziko chini ya omu 5,000 na zinahitaji kusafishwa tu. Gasketi za shaba za M674 ziwe mpya kila unapofungua, ni senti.

Joto na chumvi ya Dar es Salaam havihurumii stoo. Weka vitu kwenye mifuko yake ya kiwandani na vifuko vya kufyonza unyevu. Matairi yasimame wima, mbali na kompresa na mashine ya kuchomelea, kwa sababu ozoni inayotoka kwenye mota na cheche hupasua mpira.

Kwa ndege moja ya injini ya Lycoming yenye filta ya mafuta, inayoruka saa 200 kwa mwaka, stoo inayotosha ni filta 4 za mafuta, maana hubadilishwa kila saa 50, plagi 2 za akiba, gasketi 16 za M674, seti moja ya pedi za breki na ribiti zake, mpira mmoja wa ndani wa 6.00-6 na mmoja wa 5.00-5, tairi moja kuu, oringi na pini. Wenye ndege watatu wakiagiza pamoja kila miezi minne, nauli inagawanyika. Matairi yaliyovalishwa upya yenye kibali yanafaa kwa viwanja vya changarawe kama vya hifadhini, ambako tairi jipya huliwa na mawe kabla halijazeeka.

Pampu mpya ya vakyumu ifungwe pamoja na filta zake zote mbili, na mabomba yapulizwe kwanza. Pampu ya zamani ikivunjika huacha unga na vipande vya kaboni njiani, na vipande hivyo ndivyo vinavyoua mpya. Watengenezaji wanalijua hilo na huulizia filta kabla ya kuheshimu dhamana.

Pedi za PMA ndizo zinazosingiziwa kuliko kitu kingine. Fundi anazifunga, rubani anaruka, wiki ya pili breki hazishiki na zinang'aa kama kioo, hukumu inatoka: feki. Mara nyingi hazikuivishwa. Pedi za kawaida zisizo za chuma zina gundi inayohitaji joto la kiasi ili ikomae. Ikipata joto kali la ghafla inaungua juu na kuteleza, isipopata joto inalika haraka. Baada ya kufunga, tembeza ndege futi 1,500 injini ikizunguka mara 1,700 kwa dakika, ukikanyaga breki kwa wepesi ili mwendo ubaki kati ya maili 5 na 10 kwa saa. Simama, ziache zipoe dakika 10 hadi 15 bila kuvuta breki ya maegesho. Kisha kanyaga na upandishe injini kama unapoijaribu kabla ya kuruka. Zikiishikilia ndege, andika kwenye daftari la ndege. Zisipoishikilia, zipoe tena, rudia. Zikifikia unene wa inchi 0.100, yaani milimita 2.5, zitoe, ribiti zikigusa diski utakuwa unaagiza diski.